SOMO: Kutumia GPS ya simu ukivuka mpaka bila bando (mfano: Dar hadi Kigali)

Wakuu, kila wiki kuna mtu ananifuata inbox kuuliza kama simu inaweza kumwonyesha njia Rwanda, Burundi au Zambia bila laini ya kule. Inaweza. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Kwanza tuelewane: GPS yenyewe haili bando. Setelaiti ziko juu huko, kama kilomita 20,200 kutoka ardhini, zinatuma mawimbi na simu inapokea tu. Ikizipata nne, inajua ulipo. Kinachokula bando ni ramani. Ndiyo maana mtu akivuka mpaka wa Rusumo kuingia Rwanda na laini ikakata, kile kidoti cha buluu kinaendelea kutembea, ila kinatembea kwenye skrini tupu. Kazi yote ni kubeba ramani kabla hujaondoka.

1. Weka app ya ramani iitwayo Organic Maps kwenye simu. Ni bure na haina matangazo. OsmAnd nayo ni nzuri, ila ina mambo mengi kwa anayeanza.

2. Ukiwa kwenye WiFi, shusha ramani ya Tanzania yote na Rwanda yote. Unapitia Burundi au Uganda? Shusha na hizo.

3. Weka simu kwenye hali ya ndege, kisha itafute njia ya Kahama hadi Kigali. Ikichora, uko tayari. Isipochora, kuna kipande cha ramani hujakishusha.

4. Waya wa chaji na kishikio. Simu ikae jirani na tundu la AC, maana ikipigwa na jua la Dodoma kwenye dashibodi inachemka na kujizima.

5. Hifadhi unakokwenda kwa koordineti (zile namba mbili zinazoonyesha mahali), usitegemee jina. Majengo na Kibaoni ziko ngapi nchi hii? Rusumo yenyewe iko pande zote mbili za mto. Mwambie mwenyeji wako akutumie namba, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo watu wanapopotea.

Kigali iko -1.95, 30.06. Ile alama ya kutoa maana yake ni kusini mwa ikweta. Ukiisahau, simu haitakwambia umekosea. Itakupeleka jirani na Mongbwalu, Ituri, ndani ya Kongo, zaidi ya kilomita 400 kaskazini mwa Kigali. Ukigeuza mpangilio, ukatanguliza 30.06, unaangukia jangwani Algeria. Hilo utaliona mapema. La hatari ni kosa dogo: mwenyeji anakutumia digrii na dakika, 1°57' kusini, wewe unaandika -1.57. Si sawa kabisa. Dakika zinagawanywa kwa 60, kwa hiyo 1°57' ni 1.95. Ukiandika -1.57 utaishia jirani na Byumba, kilomita 40 na ushee kutoka unakokwenda, na kwa kuwa bado ni Rwanda hutashtuka mpaka ufike. Ukimaliza kuingiza namba, vuta ramani nyuma uone pini imeangukia wapi. USIWASHE GARI kabla ya kufanya hivyo.

6. Kama simu ilikaa imezimwa siku kadhaa, simama mahali peupe uisubiri. Bila intaneti, kupata setelaiti mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika kadhaa. Haijaharibika.

7. Ukivuka Rusumo, saa ya Rwanda iko nyuma kwa saa moja, hivyo angalia kama muda wa kufika unaouona ni wa Rwanda au bado ni wa Tanzania. Na kule wanaendesha kulia. Macho yawe barabarani, hasa kwenye mizunguko ya Kigali, na simu ibaki kwenye kishikio.

MASWALI

Mdau wa Tabata: Mkuu hiyo GPS inakula MB ngapi kwa siku?

Jibu: Soma aya ya pili.

Mdau wa Mbeya: Hii app mbovu. Ilinitoa lami ikaniingiza vumbi, nikakwama.

Jibu: Kaka, uliwasha chaguo la kukwepa barabara za vumbi? Lipo kwenye mipangilio ya njia. Ramani hizi zinachorwa na watu wa kujitolea kupitia OpenStreetMap, na kipande cha vumbi kikikosa alama, app haiwezi kujua. Ukiona njia imeacha barabara kuu bila sababu, uliza bodaboda kabla ya kukata kona.

Dereva wa IT: Mimi napeleka magari ya transit, yale yanayopita hapa kwenda nchi jirani. Mengi yana navi (skrini ya ramani) ya Kijapani. Naweza kuiwekea ramani ya Afrika?

Jibu: Swali zuri. Hapana, ramani iliyomo ni ya Japan pekee. Mwenye gari akitaka, abadilishe redio aweke ya Android, kisha ashushe ramani hizi hizi. Ile antena ndogo ya GPS yenye waya fundi asiifukie nyuma ya chuma. Ibandikwe juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele. Kwa wewe wa transit: fuata njia iliyoandikwa kwenye nyaraka zako hata kama simu inaonyesha ya mkato. Hilo halina mjadala.

Mama wa Kariakoo: Naenda Guangzhou kufuata mzigo. Nitumie hii hii? Shoga yangu anasema kule ramani zinadanganya.

Jibu: Dada, shoga yako yuko sahihi. Sheria ya China inataka ramani zao zisogezwe kwa mfumo wao, GCJ-02. Namba za GPS za kawaida ukizitia kwenye ramani ya kule unaweza kuwekwa mita mia kadhaa pembeni, yaani mtaa mwingine. Google nayo imefungiwa. Tumia Amap, ndiyo ya wenyeji, na utafute humo humo badala ya kuhamisha namba kutoka app nyingine. Piga picha anwani ya hoteli kwa maandishi ya Kichina, umwonyeshe dereva wa teksi. Hiyo picha haiishiwi bando.

Mdau mpya: Nimeshusha Rwanda ila njia haichori kutoka Dar.

Jibu: Na Tanzania je? Hatua ya 2.

Dereva wa IT: Asante mkuu. Kwa wenye redio za Kijapani: FM yao ndiyo inaanzia 76 na kuishia 90 au 95, ndiyo maana stesheni nyingi za huku hazishiki. Kuna kifaa kidogo cha kuongeza bendi, kinafungwa kwenye waya wa antena nyuma ya redio.

Jibu: Kweli kabisa. Fundi akiifungua redio kwa kazi nyingine, mwambie akifunge siku hiyo hiyo.