Kifaranga wa samaki akipinda mgongo, usikimbilie vitamini ya kuku

Wafugaji wa Rungwe, Mufindi na Njombe, kosa hili linatumalizia vifaranga. Mtu anaona sato wake wachanga wamepinda mgongo. Anakwenda duka la dawa za mifugo, ananunua vitamini ya kuku, anatia kijiko kwenye chakula. Baada ya siku chache waliopinda wameongezeka, naye anaongeza kijiko cha pili.

Mgongo hupinda vitamini C ikipungua. Hupinda pia vitamini A ikizidi, na kwa macho huwezi kujua ni ipi. C iliyozidi hutoka mwilini. A haitoki; hujilimbikiza kwenye ini, na kifaranga ambaye mifupa yake ndiyo kwanza inajengeka huumia haraka. Ukiongeza vitamini ya mchanganyiko kwa kubahatisha, unaweza kuwa unaongeza kilekile kinachompinda.

Sato anahitaji takribani yuniti 5,000 (IU kwenye lebo) za vitamini A katika kilo moja ya chakula. Premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini wa kutia kwenye chakula) nyingi za kuku wa nyama, hata ukifuata lebo, huweka 10,000 hadi 12,000.

Chakula cha kiwandani cha vifaranga kimeshawekewa vitamini: usiongeze chochote. Soma tarehe ya mwisho kwenye gunia. C huharibiwa na joto, mwanga na hewa, kwa hiyo gunia lililoachwa wazi miezi kadhaa halitibiwi kwa kijiko; nunua jipya.

Unayesaga dagaa na pumba mwenyewe, tafuta premiksi ya samaki. Lebo ikisema kilo 2.5 kwa tani, hiyo ni gramu 2.5 kwa kilo. Kijiko cha chai si mzani! Nimelisema hili kila kikao na bado nakuta vijiko kwenye ndoo za premiksi. Tumia mzani wa kidigitali unaosoma sehemu ya kumi ya gramu. Usitengeneze gramu 100, maana utatafuta robo gramu na utakosea. Tengeneza kilo nzima. Changanya premiksi na unga wa kiganja kimoja, ongeza viganja viwili, kisha vinne, mpaka unga uishe. Kama unapika uji wa kugandisha chakula, premiksi iingie uji ukishapoa.

Na msimimine vitamini bwawani. Samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hunywa maji kidogo mno, mnanenepesha mwani.

Kundi jipya likinyooka, umepatia. Waliokwisha kupinda hawanyooki tena, watenge.