Somo: Kutafuta volteji za saketi ya rezista kwa njia ya nodi

Saketi yenye betri mbili huwezi kuimaliza kwa kuunganisha rezista za mfuatano na za sambamba tu. Njia ya nodi hutafuta kwanza volti za kila nodi, yaani kila kiungo ambapo vifaa hukutana. Mikondo baada ya hapo ni kugawanya.

Saketi yetu: chanya ya betri ya 12 V inapita R1 (2 kΩ) hadi nodi A. Kutoka A, R2 (4 kΩ) inashuka ardhini na R3 (4 kΩ) inavuka hadi nodi B. Kutoka B, R4 (4 kΩ) inashuka ardhini, na R5 (2 kΩ) inakwenda kwenye chanya ya betri ya 6 V. Hasi zote mbili zimeungana, na hapo ndipo ardhi.

Hatua 1. Chagua ardhi, yaani nodi ya 0 V. Chukua ile yenye nyaya nyingi zaidi, maana itafupisha hesabu.

Hatua 2. Weka majina kwenye nodi zilizobaki. Waya usiokatizwa na kifaa chochote ni nodi moja, hata ukizunguka mchoro mzima. Wengi huipa nodi moja majina mawili, kisha milinganyo inagoma. Ncha za betri tunazijua tayari (12 V na 6 V), kwa hiyo tunatafuta VA na VB tu.

Hatua 3. Kwa kanuni ya Kirchhoff ya 1845, mikondo yote inayotoka kwenye nodi ikijumlishwa ni sifuri. Kila tawi liandike hivi: volti ya nodi uliyosimama, toa volti ya upande wa pili, gawa kwa rezista.

A: (VA − 12)/2 + VA/4 + (VA − VB)/4 = 0
B: (VB − VA)/4 + VB/4 + (VB − 6)/2 = 0

Volti kwa kΩ hutoa mA. Usichanganye Ω na kΩ katika mstari mmoja.

Hatua 4. Zidisha kila mlinganyo kwa 4:

4VA − VB = 24
−VA + 4VB = 12

Kutoka wa pili, VA = 4VB − 12. Ingiza kwenye wa kwanza: 15VB = 72. Basi VB = 4.8 V, VA = 7.2 V.

Hatua 5. Hakiki, usiruke. Kwenye A inaingia (12 − 7.2)/2 = 2.4 mA, zinatoka 1.8 mA kupitia R2 na 0.6 mA kupitia R3. Kwenye B zinaingia 0.6 na 0.6, inatoka 1.2 mA. Imekubali.

Ukitaka kuijenga, nunua rezista 8 za 2 kΩ (nyekundu, nyeusi, nyekundu) za robo wati. Kila 4 kΩ ni mbili kwa mfuatano.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimeijenga, A inasoma 6.86 V na B 3.43 V. Tatizo nini?
Jibu: Betri ya 6 V haipo kwenye saketi. Mara nyingi hasi yake haijafika ardhini, au R5 imelegea. Ungeigeuza chanya kwa hasi ungeona A 5.6 V na B −1.6 V.

Swali: Nitajuaje mkondo unaelekea wapi kabla ya kuandika?
Jibu: Huhitaji kujua. Chukulia yote inatoka. Jibu likija na alama ya kutoa, ujue mkondo huo unaingia.

Swali: Na kama badala ya R3 kuna betri ya 3 V, chanya upande wa A?
Jibu: Mkondo wa betri hauandikiki kwa kugawanya, maana hakuna rezista. Zungushia A na B duara moja, jumlisha mikondo inayotoka kwenye duara lote: (VA − 12)/2 + VA/4 + VB/4 + (VB − 6)/2 = 0, yaani VA + VB = 12. Mlinganyo wa pili ni betri yenyewe: VA − VB = 3. Unapata 7.5 V na 4.5 V.

Swali: Kwa nini tusitumie njia ya vitanzi (mlinganyo mmoja kwa kila mzunguko uliofungwa wa saketi)?
Jibu: Inafaa pia, ila hapa vitanzi ni vitatu na nodi ni mbili. Hesabu kwanza, kisha chukua penye milinganyo michache.

Swali: Rezista mbili za 1 MΩ kwenye 12 V, hesabu inasema 6 V, multimita inasema 5.7 V.
Jibu: Hesabu iko sawa. Multimita nyingi za dijitali zina ukinzani wa 10 MΩ, nao unakaa sambamba na rezista unayoipima. Kwenye rezista za kΩ chache hutaona tofauti.