Hatua za Kumkuza Mtoto katika Kusikiliza na Kuzungumza, Darasani na Nyumbani

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mwaka 2019, unaitambua stadi ya kusikiliza na kuzungumza kuwa mada kamili. Hata hivyo, katika madarasa ya Nairobi yaliyojaa wanafunzi, mada hiyo aghalabu huishia kwenye kuitikia kwa pamoja, na mtoto aliyeketi nyuma hufungua mdomo tu bila kusema neno. Hatua zifuatazo zinamfaa mwalimu wa gredi za chini na mzazi.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mtoto anasikia. Anayeuliza "ati?" kila mara, au anayemtazama jirani kabla ya kutii agizo, huenda ana tatizo la masikio wala si mkaidi. Mketishe mbele, na umshauri mzazi ampeleke hospitalini akapimwe.

Hatua ya pili ni kuwapa kazi isiyowezekana bila kusikiliza. Waketishe wawili wawili, wakigeuziana migongo. Mpe mmoja picha sahili, tuseme nyumba, mti upande wake wa kulia na mbuzi chini ya mti; aieleze, naye mwenzake achore anachosikia bila kugeuka. Mruhusu mchoraji aulize, kwa sababu swali kama "Mbuzi anatazama wapi?" ndilo linalomlazimu msemaji kutafuta maneno zaidi. Wakilinganisha michoro, wao wenyewe hugundua maelezo yalipopwaya, kisha hubadilishana zamu. Kelele zitakuwepo, zivumilie, maana ni za kazi.

Hatua ya tatu: uliza, kisha nyamaza. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mary Budd Rowe wa Marekani alionyesha kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takribani sekunde moja tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka. Hesabu kimoyomoyo kabla ya kumtaja wa kujibu.

Hatua ya nne inahusu kusahihisha, na hapa ndipo wengi wetu huwafunga watoto midomo. Mtoto akisema, "Mwalimu, kitabu yangu imepotea," usimkatize. Mjibu, "Kitabu chako kimepotea? Ulikiweka wapi?" Atasikia umbo sanifu huku mazungumzo yakiendelea. Sheng ya mtaani haina haja ya kupigwa vita. Inatosha ajue ni wapi pa kuitumia.

Nyumbani, mzazi asiye na nafasi ya somo rasmi atumie shughuli zilizopo. Unapomtuma mtoto kwa mama mboga, mpe ujumbe wa mambo matatu, kwa mfano sukuma wiki ya shilingi ishirini, nyanya mbili na kitunguu kimoja, kisha ayarudie kabla ya kutoka mlangoni. Akizoea, ongeza sharti: "Nyanya zikiwa zimelainika, leta karoti." Jioni, zima televisheni na mtegeane vitendawili, na akikosea kutegua, mwombe aeleze alivyofikiria kabla hujaomba mji.