SOMO: Mjamzito na mifugo inayozaa, nani afanye nini bandani

Kila msimu wa kuzaa naulizwa swali lile lile: mke ana mimba, aendelee na kazi za bandani? Naandika mara moja, tuwe tunaelekezana hapa.

1. Maziwa yachemke mpaka yatokote. Mtindi na jibini ya maziwa mabichi aache. Nyama iive.

2. Asizalishe mnyama wala kumfuta ndama, mwanambuzi au mwanakondoo aliyezaliwa sasa hivi.

3. Asishike chanjo hai za mifugo (zenye vijidudu hai), hasa ya bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaotupisha mimba mifugo na kuambukiza watu. Sindano ikimchoma kidole inaweza kumwambukiza.

4. Kondo la nyuma. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa wanadhani hatari ni kugusa tu. Bakteria wa homa ya Q, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, hujaa kwenye kondo na maji ya uzazi. Vikikauka vinageuka vumbi, bakteria wanaishi humo miezi, na upepo unawabeba. Mnyama anaweza kuzaa salama salimini na bado akawaacha. Kwa hiyo msaidizi avae glavu ndefu na barakoa, aondoe kondo likiwa bado bichi, alizike kina ambacho mbwa hafukui au alichome. Matandiko yalowanishwe kwanza. USIFAGIE MAKAVU.

Halafu nguo. Mume anatoka bandani, ute umemkaukia magotini, suruali anaitupa kwenye beseni, na mjamzito ndiye anayeifikicha kwa mikono. Umemkataza banda, ukamletea banda ndani! Aliyezalisha afue nguo zake mwenyewe, na gumbuti zioshwe na kubaki nje.

5. Akipata homa, jasho la usiku au maumivu ya viungo, aende hospitali siku hiyo hiyo na ATAJE MIFUGO. Dalili zinafanana na za mafua makali. Asiposema, hakuna atakayewaza banda. Asijinunulie dawa: doksisaiklini, inayotumika sana kwa magonjwa haya, kwa kawaida hukwepwa kwenye ujauzito.

MASWALI

Mfugaji Mpya: Mkuu sijasoma yote, ila mbuzi wangu kazaa vizuri tu. Mke anaweza kutoa kondo?
— Hapana. Soma namba 4.

Mzee wa Zizi: Mama zetu walizalisha mbuzi wakiwa na mimba zetu, na tupo.
— Tupo sisi, mzee wangu. Mimba zilizotoka nani alizipima akajua chanzo? Bruselosi, homa ya Q na klamidia ya kondoo na mbuzi zote zinaweza kuharibu mimba ya binadamu. Sibishani na hilo.

Mama Kijacho: Mimi nilishika kondo la kondoo wiki iliyopita, kabla ya kusoma hapa. Alitupa mimba. Sina homa. Nifanyeje?
— Pole dada yangu, na umefanya vyema kuuliza. Si kila anayegusa huambukizwa, ila usisubiri homa. Homa ya Q mara nyingi haina dalili. Zikija, huwa baada ya wiki 2 hadi 3. Bruselosi inaweza kuchukua miezi. Nenda kliniki useme ni mnyama gani, siku gani, na kwamba alitupa mimba. Ukiambiwa urudie kipimo cha damu baada ya wiki kadhaa, rudi, maana kingamwili hazionekani mapema. Nyumbani waite daktari wa mifugo, na kondoo huyo atengwe na wenzake.

Mama Kijacho: Asante sana. Na mwanakondoo yatima tunayemlea jikoni karibu na moto?
— Ahamishwe leo, alishwe na mtu mwingine.

Kijana wa Maziwa: Maziwa mabichi yakikaa friji si wadudu wanakufa?
— Hawafi. Kuna bakteria aitwaye Listeria, huzaliana hata kwenye nyuzi 4, na ni hatari sana kwa mimba. Hupenda pia silaji (majani ya mifugo yaliyoshindiliwa na kufunikwa yachachuke) iliyoingia hewa.

Kijana wa Maziwa: Silaji yangu ina ukungu kwenye kingo tu, katikati iko safi.
— Ya kingo tupa, pamoja na iliyogusana nayo. Safari ijayo ijaze kwa tabaka nyembamba, shindilia kila tabaka, ufunike siku hiyo hiyo.

Mzee wa Zizi: Na juu ya nailoni weka matairi, yabanane.
— Hasa, mzee.