Kuufanya mwanga wa chumba ufuate mdundo wa ngoma

Mwongozo huu ni wa anayetaka kukijaza chumba mwanga unaoongozwa na ngoma inayopigwa papo hapo. Utahitaji maikrofoni, kompyuta yenye programu ya bure ya Pure Data (ya kuchakata sauti kwa kuunganisha visanduku kwenye skrini), bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo itakayoziongoza taa) na ukanda wa taa 150 za aina ya WS2812B.

Hatua ya kwanza ni umeme. Kila taa inaweza kula hadi miliampea 60 ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote, hivyo taa 150 zinafikia ampea 9 kwa volti 5, mzigo ambao bodi haiuwezi kabisa. Tumia adapta ya pembeni, na waya wake hasi uunganishe na ule wa bodi, la sivyo taa zitawaka ovyo.

Hatua ya pili ndiyo roho ya kazi, nayo ni kuamua mwanga ufuate nini. Wanaoanza huipa kila sauti rangi yake, na mtazamaji hubaki na vurugu tupu machoni. Mimi huchukua besi peke yake: sauti ya maikrofoni huipitisha kwenye visanduku viwili vya lop~ (vichujio vinavyopitisha sauti nene) vilivyofuatana, kila kimoja kikiwa na kikomo cha hezi 150 (mitetemo 150 kwa sekunde), kwa kuwa kimoja huchuja kwa upole mno, kisha huingia env~, ambayo hupima nguvu ya sauti. Andika «env~ 1024 256», ili ipime dirisha la sampuli 1024 (vipande vidogo vya sauti) kwa pamoja lakini itoe namba mpya kila baada ya milisekunde 6 hivi. Usilipunguze sana dirisha hilo ukidhani unaharakisha mambo. Wimbi la hezi 60 peke yake huchukua milisekunde 17, na dirisha fupi kuliko hilo litafanya mwanga utetemeke. Sasa soma namba za env~ chumba kikiwa kimya, kisha usome mpigaji anapopiga kwa nguvu. Kwangu zilikuwa 52 na 88. Upana huo ugeuze uwe 0 hadi 255, yaani kutoka giza hadi mwanga wa nguvu zote, na kilicho chini yake kiwe giza.

Hatua ya tatu, mwanga upande mara moja lakini ushuke taratibu, kwa milisekunde 400 hivi, kwa sababu ngozi ya ngoma nayo huvuma kabla ya kunyamaza.

Hatua ya nne ilinipotezea siku nzima. Bodi huchukua milisekunde 4.5 kuzipa habari taa 150, na katika muda huo huwa kiziwi, hivyo namba zinazotoka kwenye kompyuta humwagika njiani na mwanga huanza kukwama. Dawa yake ni bodi yenyewe kuomba: imalize kuwasha taa, itume herufi moja, ndipo Pure Data ijibu kwa namba moja ya karibuni.

Mwishowe simama watakaposimama watazamaji. Kwa mita 10 kutoka kwenye ngoma, sauti hufika ikiwa imechelewa kwa milisekunde 29 hivi, kwa hiyo ucheleweshaji mdogo wa mitambo hautaonekana pale, ingawa mpigaji mwenyewe huenda akauhisi. Mdundo ukienda kasi, refusha muda wa kushuka mpaka mimweko mikali isizidi 3 kwa sekunde, kwa ajili ya wenye kifafa kinachochochewa na mwanga, na mlangoni weka tangazo la kuwatahadharisha.