Kumsubiri ndege wa mapangoni, Ghana

Ukienda Ghana kutazama ndege, anzia Kakum, hifadhi ya msitu. Mwombe mwongozaji akupandishe kwenye madaraja ya kamba alfajiri, kabla watu hawajajaa. Huko juu vilele vya miti viko usawa wa macho na hondohondo hupita karibu.

Kisha nenda kijiji cha Bonkro, kwa pikathati, yule ndege wa mapangoni mwenye kichwa kipara cha manjano. Hujenga kiota cha tope kwenye miamba na kurudi jioni. Fika saa tisa alasiri, vaa nguo za rangi ya majani makavu, keti, nyamaza. Nilikaa karibu masaa mawili bila hata kufukuza mbu. Alipotua jiweni, mikono ilinitetemeka, darubini ikanishinda. Tafadhali, usimmulike tochi wala usisogelee kiota.

Savana ya Mole, kaskazini, iache mwisho.