Kutoka jaa la taka hadi msitu wa kujifunzia: mwongozo kwa miji ya pwani

Mwongozo huu unahusu kiwanja kilichotelekezwa mjini, chenye mwamba wa matumbawe chini, vifusi juu na magugu kila mahali, kama vilivyo viwanja vingi vya Mombasa na vitongoji vyake. Nimeotesha miti ya asili katika ardhi ya namna hii kwa miaka kadhaa, na kosa ninalolikuta mara nyingi ni watu kununua miche kabla ya kuijua ardhi yao. Hapa miche itangoja hadi hatua ya nne.

Hatua ya kwanza: ruhusa iliyoandikwa

Kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ardhi ya umma husimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi kwa niaba ya serikali kuu na serikali za kaunti, kwa hiyo kiwanja kinachoonekana hakina mwenyewe huwa kinaye. Fanya upekuzi katika masjala ya ardhi, pata ramani ya upimaji, na muandikiane ni nani atakayemiliki miti na ni nani atakayeshika ufunguo wa lango.

Hatua ya pili: chimba kwanza

Chimba mashimo katika pembe zote na katikati, hadi mtaimbo ugonge mwamba, na uandike kila ulichokitoa. Katika shimo la kina cha sentimita 30, jaza maji, yaache yanywewe, kisha ujaze tena. Yakiwapo hadi kesho yake, mizizi itaoza. Yakipotea kwa dakika chache, kama ilivyo kawaida ya matumbawe, utahitaji mboji na matandazo mengi kuliko ulivyokadiria. Mahali panaponuka mafuta au palipotupwa betri pasiguswe na watoto mpaka udongo wake uondolewe.

Anayedhani kwamba ardhi kama hii haiwezi kubeba msitu na aende Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti katika machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu. Alijaribu aina 26, zikapona tatu tu, mmoja wao ukiwa mvinje, ambao hupata naitrojeni kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi mizizini mwake. Hata hivyo majani yake yalirundikana bila kuoza hadi walipoletwa jongoo, ambao waliyala na kuyageuza kuwa mboji. Kilichozaliwa kwanza pale ni udongo, na miti mingine ikafuata. Mahali hapo palifunguliwa kwa umma mwaka 1984 na leo panaitwa Haller Park.

Hatua ya tatu: uliza msitu ulio jirani

Pwani yetu ina makaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Nenda kwa ruhusa ya wazee na kwa kufuata miiko yao. Katika Kaya Kinondo, kwa mfano, mgeni hujifunga shuka jeusi na hatoki na kitu. Utakachotoka nacho ni daftari: miti inayopanda juu kabisa, inayokaa kivulini, vichaka na mitambaazi, pamoja na majina yake kwa Kidigo au Kigiriama. Mbegu zitafute kwa miti mikongwe ya barabarani na ya viwanjani mwa watu.

Ukirudi, ng'oa magugu ya kigeni. Lantana na lusina hazina mtetezi, lakini mwarobaini utakuletea ugomvi, kwa sababu ni dawa ya nyumba nyingi na wengi wanaamini ni mti wetu wa tangu na tangu. Asili yake ni Bara Hindi, ndege husambaza mbegu zake, na kisiki kilichokatwa huchipua tena. Mimi hueleza hayo mbele ya majirani kabla ya kushika jembe, kisha nikang'oa na kisiki.

Hatua ya nne: mbegu, miche na kupanda

Mbegu ya mbambakofi ni nyeusi tii, yenye kofia ya rangi ya machungwa upande mmoja, na ngozi yake ni ngumu. Isugue kwa msasa upande usio na kofia mpaka weupe uonekane, iloweke usiku kucha, kisha uipande katika pakiti tupu ya maziwa iliyotobolewa chini. Ukwaju nao hufanyiwa hivyohivyo.

Mvule unahitaji onyo. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda mivule peke yake, mstari kwa mstari, juani. Kuna mdudu mdogo anayefyonza vichipukizi vyake na kuviotesha vinundu, kisha ncha ya mche huoza. Nilipoteza karibu yote. Siku hizi huichanganya na miti mingine na kuitangulizia kivuli.

Panda masika yakishakolea na udongo umelowa hadi chini. Njia ya mtaalamu wa mimea Mjapani, Akira Miyawaki, husonganisha miche hadi takriban mitatu kwa mita moja ya mraba. Kwa ukame wetu na bei ya maji, mimi naona mmoja unatosha. Funika udongo kwa majani makavu yenye unene wa kiganja, bila kuyagusisha na shina, na umwagilie kwa misimu miwili ya kiangazi.

Hatua ya tano: lete jongoo

Chota ndoo chache za majani yaliyokwisha kuanza kuoza chini ya mkwaju au mwembe mzee, pamoja na jongoo waliomo, uzimwage jioni mahali penye unyevu. Baada ya majuma machache inua matandazo: utakuta vidonge vidogo vyeusi, mviringo, vinavyovunjika kwa kidole na kunuka mvua. Hicho ni kinyesi chao, nacho ndicho udongo wako mpya.

Hatua ya sita: fungua darasa

Usingoje miti ikue. Tengeneza njia inayopitisha watoto wawili sambamba, na uweke vibao kwenye vigingi, kwa kuwa msumari huumiza shina. Katika kibao cha mbambakofi andika kwamba huko Tanzania mti huo huitwa mkongo na kwamba mbao zake zimetengeneza milango na majahazi. Kisha wapeleke wanafunzi Mji wa Kale wa Mombasa wakaguse milango yenyewe. Kila darasa lipewe miche kumi ya kupima urefu kila muhula.

Mwisho, zungushia uzio kipande cha mita tatu kwa tatu ambacho hutakisafisha, hutakipanda wala hutakimwagilia. Kila muhula watoto wachimbe shimo la kiganja kimoja humo na jingine chini ya miti, waweke udongo wa pande zote mbili juu ya karatasi nyeupe, wahesabu wadudu waliomo, na walinganishe pande hizo mbili.